Vibanio Vitatu vya Kiti cha Abiria

Siku ilianza vizuri tu. Mlango wa karakana ulikuwa wazi, redio inaongea peke yake juu ya rafu, na Koleo anazunguka katikati ya fremu za viti na mafungu ya sponji kama mtu aliyepoteza ufunguo. Hakuwa amepoteza kitu. Ndivyo alivyo. Mwanamke wa miaka arobaini na mbili, anaishi kwa kutengeneza viti vya wenzake, na yeye mwenyewe hajui kukaa. Chai anaimaliza amesimama. Simu anaipokea akitembea. Mama yake husema mtoto huyu alizaliwa ana safari, na mpaka leo hajaambiwa ni ya wapi.

Jina la Koleo alipewa na marehemu baba yake, kwa sababu akishika kitu haachii. Baba ndiye aliyeianzisha karakana, na alipofariki alimwachia cherehani, wateja, na desturi moja isiyovunjwa. Kiti kikimalizika, kabla mwenyewe hajaja kukichukua, wa kwanza kukikalia ni Bi Mkubwa, mama yake Koleo. Baba aliita kuonja. Hata kiti kiwe kizuri vipi, alisema bado hakijaiva mpaka mama aonje. Bi Mkubwa anakaa, anajitingisha, anafumba macho, kisha anatoa hukumu: hiki kinauma mgongo, hiki sponji yake ni ya kubania, hiki sawa, mpigieni mwenyewe.

Miaka ilivyokwenda goti lake la kulia likaharibika, akawa anatembea kwa mkongojo, ko, ko, ko, na siku nzima anashinda kwenye kiti chake karibu na mlango, kile alichotengenezewa na mumewe. Koleo angekitambua hata gizani kwa kukipapasa. Fundi viti humjua mtu kwa bonde analoliacha kwenye sponji: huyu hukaa upande, huyu huweka pochi mfuko wa nyuma, huyu mnene lakini mwoga wa kujiachia. Bonde la Bi Mkubwa lilikuwa kushoto, maana alilionea huruma goti la kulia, na lilizama nyuma kabisa, maana huyo mama akikaa, amekaa.

Asubuhi hiyo juu ya meza kulikuwa na kiti cha abiria wa mbele cha gari la zamani sana, aina ambayo siku hizi watu huikimbilia kuipiga picha. Mwenyewe alikuwa mzee mmoja mpole, mwembamba, asiyevua kofia, nao pale karakana wakamwita Mwenye Kofia. Alitaka ngozi mpya, sponji mpya, na ushonaji uleule wa zamani, mstari kwa mstari. Kazi ilikwenda bila tatizo mpaka Koleo alipogeuza fremu ili aivute ngozi na kuibana. Ngozi ya kiti kile ilishikwa chini kwa vibanio ishirini na sita vya chuma, vidogo kama kucha ya kidole gumba, vyenye meno mawili. Akahesabu ishirini na tatu. Vitatu vya ukingo wa mbele havikuwepo.

Alizunguka maduka yote ya spea. Wauzaji wakakishika kimoja, wakakigeuza, wakacheka.

"Dada, hiki kilikoma kutengenezwa mimi sijazaliwa," mmoja alimwambia. "Labda umuulize babu."

Akajaribu kupinda waya. Waya ulishika kwa saa moja, kisha ngozi ikanyanyuka kwenye ukingo kama mdomo wa mtu aliyenuna. Kwa mtu mwingine ingetosha. Kwa Koleo ilikuwa kama kuwa na mchanga ndani ya kiatu. Akampigia Mwenye Kofia kumweleza.

"Usitie waya," mzee alimjibu haraka, kama aliyekuwa anaisubiri simu hiyo. "Nenda yadi ya vyuma chakavu, kwa yule wanayemwita Kutu. Nyuma kabisa, ukutani, kuna gari kama langu. Toa vitatu vya kiti cha abiria. Cha abiria, mwanangu. Vya dereva ni vifupi."

"Sawa, mzee."

"Na jambo jingine. Kikishakamilika, mtu asikikalie. Hata dakika moja. Mpaka nije mimi."

Koleo akasema sawa tena, huku amekunja uso. Wenye magari ya namna hiyo wana vituko vyao. Mwingine aliwahi kumletea usukani umefungwa kwenye blanketi la mtoto.

Kutu alikuwa mtu wa maneno mengi, lakini Koleo alipomtajia gari la ukutani maneno yakamwishia. Alimwongoza kati ya milango na maboneti yaliyopangwa kama sahani, na walipofika akasimama hatua kumi kutoka kwenye gari, hakusogea tena.

"Nani kakwambia lipo?"

"Mteja."

"Hilo sijauza hata bolti, dada. Watu wanakuja, wanalishika, wanaondoka. Hawasemi kwa nini." Akajikuna shingo. "Lilibingirika kwenye kona. Mume alikuwa anaendesha, akatoka bila mkwaruzo. Mke hakutoka. Miaka sita sasa."

Koleo akajipa moyo. Chuma ni chuma. Akafungua mlango wa abiria, ukalia, akapiga magoti na kuingiza mkono chini ya kiti. Vibanio vilikuwepo vyote, vikavu, havina hata kutu, wakati gari zima limeliwa. Akatoa vitatu vya ukingo wa mbele kwa ncha ya bisibisi, na kwa vile hakujua kutulia, akajinyoosha akatoa na kimoja cha kiti cha dereva, akakiweka kando ya vile vingine kwenye kiganja. Vilikuwa sawa. Urefu uleule, meno yaleyale.

Akajiambia mzee amesahau. Akakirudisha cha dereva mahali pake.

Kilichomsumbua ni sponji. Ngozi ya kiti cha abiria ilikuwa imechanika, na ndani aliliona bonde. Dogo, la mtu mwembamba, tena si pale watu wanapokaa. Lilikuwa mbele kabisa, kwenye ukingo. Na kila upande wa kiti, ubavuni, palikuwa na vishimo vinne vilivyozama, vimepangana. Koleo akaweka vidole vyake juu ya vile vishimo. Vikaingia.

Mtu huyu hakuwa amekaa, akawaza. Alikuwa anajishikilia. Na sponji, ambayo hata mtu mnene akiondoka hujirudi baada ya siku mbili tatu, ilikuwa imekaa na alama zile miaka sita.

Aliondoka pale bila kumuaga Kutu vizuri. Njiani alivihamisha vibanio kutoka mfuko wa kulia kwenda wa kushoto, kisha akarudisha kulia. Vilikuwa na joto. Akajiambia ni jua.

Saa nane mchana kiti kilikamilika. Vile vitatu viliingia kwa kugusa tu, wala hakuhitaji nyundo. Ngozi ikakaa vizuri, haina kunyanzi hata moja. Ilikuwa kazi ya kumfanya mtu atamani marehemu babake aje aone, na Koleo aliikodolea macho kwa furaha ya kweli.

Nyuma yake akasikia ko, ko, ko.

"Nimeona umemaliza," Bi Mkubwa alisema. "Nisaidie nikae."

"Hiki hapana, Mama. Mwenyewe kasema mtu yeyote asikikalie."

"Mimi ni mtu yeyote?"

"Mama..."

"Miaka thelathini naonja viti humu ndani. Nimeonja viti vya wakubwa, nimeonja viti vya teksi. Leo mtu wa kofia anikataze kwangu?" Alikuwa anatania, lakini nusu tu. Nusu nyingine ilikuwa imeumia, na Koleo aliijua sauti hiyo. Tangu goti liharibike, kuonja ndiyo kazi pekee iliyombakia mama yake. Kumnyima ilikuwa kama kumwambia haitajiki tena.

Basi akamshika mkono, akamkalisha.

Bi Mkubwa alikaa nyuma kabisa, kama kawaida yake. Akajitingisha. Akafumba macho. "Aaa," akasema. "Hiki kimeiva. Hiki baba yako angekilalia."

Koleo akacheka, akageuka kuchukua kitambaa cha kufutia.

Redio ikanyamaza.

Alipogeuka tena, mama yake alikuwa amesogea mbele, ukingoni kabisa. Goti la kulia, lile bovu, limekunjwa sawa na la kushoto. Visigino amevikaza sakafuni. Mikono yake miwili imeshika ubavu wa kiti, vidole vinne huku, vinne huku, mpaka kucha zimekuwa nyeupe.

"Mama?"

Bi Mkubwa hakumtazama. Macho yake yalikuwa wazi, na yalikuwa yanakimbia. Yanatoka mbele, yanaruka kando, yanarudi mbele. Tena. Tena. Koleo alichukua muda kuelewa anachokiona. Ni macho ya mtu anayetazama miti ikipita dirishani.

Ncha ya mtandio wake ilikuwa inapepea. Ndani ya karakana hapakuwa na upepo.

"Mbona anakimbiza hivi?" Bi Mkubwa alinong'ona. Haikuwa sauti yake. Ilikuwa nyembamba, ya adabu, ya mtu aliyezoea kuomba mara nyingi. "Mwambie apunguze mwendo."

Koleo akatupa kitambaa. Akamshika mama yake kwapani akamvuta. Akavuta kwa nguvu zake zote, yeye aliyekuwa akibeba kochi peke yake. Bi Mkubwa, kikongwe wa mifupa mitupu, hakuinuka hata unene wa uzi.

"Kishada," sauti ile iliita. "Kishada, tafadhali. Tutafika tu."

Koleo hakumjua mtu yeyote mwenye jina hilo. Akadaka koleo la mezani, akajilaza sakafuni, akashika kibanio cha kwanza. Ndivyo vilivyoleta haya, basi vitoke. Akakivuta kidogo tu. Juu yake mama yake alitoa mguno, akatupwa mbele kama aliye ndani ya gari lililokanyaga breki, na tone la damu likamdondoka puani, likaanguka sakafuni karibu na uso wa Koleo.

Akaachia. Maishani mwake mwote hakuwahi kuachia kitu haraka hivyo.

Akampigia simu Mwenye Kofia. Hakumaliza hata sentensi ya kwanza.

"Amekaa nani?" mzee aliuliza.

"Mama yangu."

Koleo akasikia gari linawashwa.

Alifika baada ya dakika ishirini, na zile dakika Koleo alizimaliza akizunguka kiti, akimfuta mama yake damu, akimwita kwa majina yote aliyowahi kumwita tangu utotoni. Hakuitikiwa. Macho yaliendelea kukimbia.

Mwenye Kofia alipoingia hakumsalimia mtu. Alikwenda mpaka mbele ya kiti, akavua kofia, mara ya kwanza Koleo kumwona kichwa wazi, akapiga magoti.

"Kishada," Bi Mkubwa alinong'ona. Macho yakasimama kwa mara ya kwanza, yakatua kwake. "Umechoka? Simama kidogo tupumzike."

Mzee akalia. Alilia vibaya, bila kujificha, mabega yanaruka. "Hakuna mwingine aliyeniita hivyo," alisema. "Yeye tu. Tena tukiwa wawili."

Hasira zikamjia Koleo. Akamshika mzee kola.

"Ulijua. Vya dereva si vifupi. Nimevipima. Umefanya nini na mama yangu?"

"Nilienda kwa mtu anayejua mambo haya," mzee alisema. "Akaniambia vilivyomshika siku ile ndivyo vitakavyomshika tena. Nikatafuta gari la aina ileile. Nilitaka kumpakia nimfikishe, basi, hakuna zaidi. Tulikuwa tunakwenda kwa binti yetu, kajifungua mtoto wa kwanza. Mke wangu aliniomba njia nzima nipunguze mwendo. Nilikuwa nacheka." Akafuta uso kwa kofia. "Kiti kilitakiwa kiwe kitupu, Fundi. Nilikwambia asikikalie mtu."

Kweli alimwambia. Koleo akaona aibu ikimpanda juu ya hofu.

"Atatokaje?"

"Sijui. Nafikiri akifika."

Hawakuwa na njia nyingine. Walikibeba kiti pamoja na aliyekikalia, mzee mbele, Koleo nyuma, wakakiingiza kwenye gari, na Koleo akafunga bolti nne kwa haraka mpaka spana ikamtoka mara mbili. Kisha akakaa nyuma, kama unaweza kuita kule kukaa. Alikuwa amepiga goti moja juu ya kiti, mikono imezunguka mabega ya mama yake kutoka nyuma.

Mzee alianza kwa mwendo wa arobaini.

"Punguza," Bi Mkubwa alisema.

Thelathini. Baiskeli zikawapita. Lori likawapigia honi, dereva wake akachungulia aseme neno, akamwona mwanamke wa kiti cha mbele, akarudisha kichwa ndani.

"Punguza, Kishada."

"Nimepunguza, mama watoto," mzee alimjibu. "Tazama. Nimepunguza."

Walitoka mjini, barabara ikanyooka, nyumba zikaisha. Ilikuwa saa kumi ya jua kali, mchana mweupe. Koleo aliyaona mabega ya mzee yakijikunja kabla hajaiona kona yenyewe. Mbele barabara ilipinda kushoto, na ukingoni palikuwa na mti uliokwanguliwa gome upande mmoja, kidonda chake kimeshapona.

Mshale wa mwendo ukapanda. Thelathini na tano. Arobaini.

"Mzee!"

"Sijakanyaga!" Mwenye Kofia alinyanyua miguu yote miwili, akaionyesha. "Sijakanyaga kitu!"

Hamsini. Sitini. Mzee akakanyaga breki mpaka chini, breki ikawa laini kama tope. Injini ikanguruma. Bi Mkubwa aliukaza mwili, akaanza kulia kwa sauti ile nyembamba, bila kupaza, kilio cha mtu aliyekwisha jua. Themanini. Mti ukawa mkubwa.

Koleo hakufikiri. Kati ya viti viwili kulikuwa na breki ya mkono. Akajitupa mbele, akaidaka kwa mikono miwili, akavuta. Haikutaka. Kitu kilikuwa kinaivuta upande wa pili, chenye nguvu, chenye subira. Akaweka mguu kwenye kiti cha dereva, akavuta kama anavyovuta ngozi ngumu ya kiti, meno yameumana, analaani, anaomba, anamwita babake.

Akashika. Hakuachia.

Gari lilizunguka nusu mzunguko, matairi yakapiga ukelele, likasimama.

Kimya. Vumbi likashuka taratibu juu ya kioo. Mti ulikuwa mkono mmoja tu kutoka kwenye mlango wa abiria.

Bi Mkubwa akageuza kichwa, akamtazama Koleo. Macho yalikuwa ya mama yake, lakini aliyekuwa akiyatumia hakuwa mama yake. Akamgusa mkono ulioishika breki.

"Ahsante, dada," akasema.

Sehemu iliyobaki walikwenda kwa mwendo wa mtu anayetembea. Jua lilikuwa bado liko juu walipofika kwenye nyumba ndogo yenye geti la kijani, na mzee akazima gari kabla hajafika mbele yake, kama anayeogopa kusikika.

"Tumefika," Bi Mkubwa alisema.

Vidole vyake vikaachia kiti, kimoja kimoja. Akafungua mlango mwenyewe. Akashuka, akatembea mpaka getini, hatua zilizonyooka, bila mkongojo, bila kuchechemea, mwanamke mwembamba anayekwenda kuona mjukuu. Akabisha. Lilifunguliwa na mtoto wa kike wa miaka sita, mdomoni ana kipande cha mkate.

Bi Mkubwa akainama. Akamshika shavu.

"Kumbe ulikuwa wewe," akasema.

Kisha akakaa chini palepale mchangani. Koleo alipomfikia alikuwa amefumba macho. Akayafumbua. Akatazama geti, akatazama mtoto, akamtazama binti yake mwenye uso uliojaa machozi na vumbi.

"Mkongojo wangu uko wapi?" aliuliza kwa sauti yake mwenyewe, nzito, ya kugomba. "Na nyie mnanikodolea macho ya nini? Nani kanileta huku bila viatu?"

Koleo alimkumbatia mpaka akaambiwa amwachie, anamvunja mbavu. Nyuma yao mwanamke kijana alitoka ndani ya nyumba, akamwona mzee amesimama karibu na gari, kofia mkononi.

"Miaka sita, Baba," mwanamke alisema. "Hata kubisha hodi?"

Koleo aliwaachia wenyewe. Alijilaza chini ya kiti, akavitoa vile vibanio vitatu, safari hii vikatoka kama meno ya mtoto, vimepoa. Akampa mzee mkononi, akamfunga vidole juu yake. Hakutaka hata kujua atavipeleka wapi. Walirudi kwa gari la kukodi, na Bi Mkubwa aligombana na dereva njia nzima kuhusu viti vyake.

Mwezi mmoja ukapita. Mama alikuwa mama. Alikumbuka majina yote, aliwatania wateja walewale, alikataa dawa ya goti vilevile. Ya siku ile hakukumbuka kitu, isipokuwa kwamba kiti kile kilikuwa kimeiva. Koleo naye akaanza kulala. Hata chai aliwahi kuinywa amekaa, mara mbili, na Bi Mkubwa akauliza kama anaumwa.

Katika furaha hiyo akaamua kumbadilishia mama sponji ya kiti chake cha mlangoni. Ile ya zamani ilikuwa imechoka. Akakata sponji mpya, ngumu, nzuri, akaivisha kitambaa kipya cha maua. Bi Mkubwa akaonja, akasema kimeiva, akakaa. Hakuna mwingine aliyewahi kukikalia kiti hicho, tangu zamani.

Wiki mbili baadaye, Jumamosi asubuhi, Koleo alikuwa anafagia. Mama alikuwa jikoni nyuma ya karakana, anatafuta sufuria. Koleo akakiinua kiti akikung'ute, na akaona kitambaa kimelegea kidogo. Akakifungua, kwa mazoea tu, atazame sponji imelalaje.

Upande wa kushoto ilikuwa bapa. Nyuma kabisa ilikuwa bapa, mpya, kama alivyoikata.

Bonde lilikuwa mbele, ukingoni. Dogo, la mtu mwembamba. Na kila ubavu palikuwa na vishimo vinne.

Aliweka vidole vyake. Vikaingia.

"Koleo," sauti ya mama yake ikaita kutoka jikoni, nzito, ya kila siku. "Unatafuta nini huko, mwanangu? Ngoja nakuja."

"Hakuna, Mama," alijibu. Alikirudisha kitambaa cha maua, akakifunga. Akasikiliza mkongojo.

Kutoka jikoni hatua zilikuwa zinakuja, nyepesi, zimelingana, kulia na kushoto. Na mkongojo ulikuwa hapa mbele yake, umeegemea ukuta.